Nafasi ya Mgonjwa katika Kuzuia Vidonda vya Kulalia: Ushauri kwa Wodi za Rusizi

Kidonda cha kulalia, ambacho wataalamu hukiita kidonda cha mgandamizo, ni jeraha la ngozi na nyama iliyo chini yake. Hutokea pale sehemu ya mwili inapobanwa kwa muda mrefu baina ya mfupa na kitu kilicho nje: godoro, kiti cha magurudumu, plasta, hata mpira wa oksijeni unaopita juu ya sikio. Mishipa midogo ya damu ikibanwa, nyama hukosa oksijeni, na baada ya saa chache huanza kufa. Kuteleza kitandani huongeza madhara. Mgonjwa aliyeinuliwa kichwa anapoteleza kuelekea miguuni, mifupa hushuka huku ngozi ikiwa imenata kwenye shuka, na mishipa ya ndani hunyongeka. Jasho, mkojo na choo navyo huilainisha ngozi ikawa rahisi kuchubuka.

Kidonda hiki hugawanywa katika hatua 4. Katika hatua ya kwanza ngozi haijapasuka, ila imebadilika rangi, na rangi hiyo haiondoki hata mgonjwa akigeuzwa. Katika ya pili, tabaka la juu limechubuka au limefanya lengelenge. Katika ya tatu, shimo limefika kwenye mafuta yaliyo chini ya ngozi; katika ya nne, msuli, kano au mfupa huonekana. Hatua ya kwanza huweza kupona kwa siku chache sehemu hiyo ikipumzishwa. Ya nne huweza kuchukua miezi na kuhitaji upasuaji, na vijidudu vikiingia kwenye mfupa au damu, huua. Mara nyingine uharibifu huanzia ndani, karibu na mfupa, na juu pakaonekana doa jeusi au la zambarau tu. Kwa hiyo udogo wa doa si kipimo cha udogo wa jeraha.

Anayelala chali huumia kwenye kisogo, mabapa ya mabega, viwiko, sehemu ya chini ya mgongo hadi kifandugu, na visigino. Anayelala ubavu huumia kwenye sikio, bega, nyonga, goti na kifundo cha mguu. Anayekaa huumia matakoni, mahali mifupa ya kukalia inapoegemea.

Walio hatarini

Wilaya ya Rusizi, ambayo wakazi wake wengi bado huiita Cyangugu, ina hospitali mbili za wilaya: Gihundwe, mjini Kamembe, na Mibilizi. Katika hospitali za ngazi hii, walio katika hatari kubwa ni aliyepata kiharusi, aliyevunjika uti wa mgongo au nyonga, aliyefungwa mguu kwa vyuma vya kuuvuta na akatakiwa kulala chali kwa wiki kadhaa, aliyetoka chumba cha upasuaji akiwa bado na ganzi, mwenye kisukari kilichoua hisia za miguu, mzee aliyekonda, na yeyote asiyeweza kuzuia haja zake. Mtoto mchanga aliye mahututi naye yumo, na kwake mahali pa kuangaliwa kwanza ni kisogo.

Kuna vipimo vya kukadiria hatari. Kile cha Doreen Norton wa Uingereza kilitolewa mwaka 1962, na kile cha Barbara Braden na Nancy Bergstrom wa Marekani mwaka 1987. Kipimo cha Braden huangalia mambo 6: hisia, unyevu wa ngozi, kutembea, uwezo wa kujigeuza, lishe, na msuguano. Alama huanzia 6 hadi 23. Kadiri zinavyopungua ndivyo hatari inavyokua, na kwa kawaida mwenye 18 au chini huhesabiwa kuwa hatarini. Vipimo hivi humsaidia muuguzi kujua aanze na nani. Havimgeuzi mgonjwa.

Kwa nini mgonjwa ahusishwe

Muuguzi wa zamu ana wagonjwa wengi. Mgonjwa ana mwili mmoja, na yuko nao saa 24. Ganzi, joto au uchungu unaoanza kwenye kisigino usiku wa manane, yeye ndiye wa kwanza kuuhisi. Zipo pia siku ambazo hospitali huzidiwa ghafla. Tarehe 3 Februari 2008 tetemeko la ardhi lilipiga Rusizi, Nyamasheke na Bukavu, likaua zaidi ya watu 30 upande wa Rwanda na kujeruhi mamia. Siku kama hiyo wauguzi ni walewale, nafasi ya kumpitia kila mtu kila baada ya saa 2 haipo, na mgonjwa anayejua la kufanya ana nafuu kuliko asiyejua.

Wazo la kumfundisha mgonjwa lina historia. Katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza, daktari Ludwig Guttmann alianza mwaka 1944 kuwatibu askari waliovunjika uti wa mgongo, wakati ambapo wengi wa namna hiyo walikuwa wakifa kwa vidonda na maambukizi ya mkojo. Aliagiza wageuzwe kila baada ya saa 2, usiku na mchana, na katika tiba ya watu wa hali hiyo ikajengeka desturi ya mgonjwa kujikagua mwenyewe kwa kioo. Nchini Australia, watafiti wakiongozwa na Wendy Chaboyer walijaribu njia kama hiyo kwa wagonjwa wa kawaida 1,600 katika hospitali 8, na matokeo yakachapishwa mwaka 2016. Wagonjwa walifundishwa mambo matatu: kujisogeza, kutunza ngozi, kula vizuri. Vidonda vilikuwa vichache zaidi katika hospitali zilizofundisha, ingawa tofauti haikutosha kitakwimu kuwa ushahidi wa mwisho. Funzo la haki ni kwamba elimu ya mgonjwa ni nyongeza juu ya uuguzi, wala haiwezi kushika nafasi yake.

Kizuizi kikubwa ni ukimya. Wagonjwa wengi huona kulalamika ni kukosa adabu au kukosa uvumilivu, na hukaa kimya ili wasiwasumbue wauguzi. Swali la jumla, kama vile «unaendeleaje?», hujibiwa «vizuri» na mtu ambaye kisigino chake kinaoza. Swali linalofaa hutaja mahali: Je, kuna sehemu inayouma, inayochoma au iliyokufa ganzi? Visigino vikoje? Tangu asubuhi umegeuka mara ngapi? Mgonjwa aambiwe waziwazi kwamba kutoa taarifa ya maumivu ya mgongo au kisigino ni sehemu ya tiba, sawa na kumeza dawa.

Siku ya kwanza

Mazungumzo yafanyike siku ileile mgonjwa anapolazwa, kabla uchovu na dawa za maumivu havijamlaza usingizi. Muuguzi aeleze kwa maneno machache kidonda hutokeaje, kwa nini mgonjwa huyu yuko hatarini, na nini anachoweza kukifanya. Lugha iwe ya mgonjwa. Rusizi inapakana na Bukavu, na wodini hukutana Kinyarwanda, Kiswahili na Kifaransa. Kiswahili chenyewe kimekuwa lugha rasmi nchini Rwanda tangu mwaka 2017. Karatasi iliyoandikwa Kiingereza haimsaidii mkulima wa mpunga kutoka Bugarama. Picha tatu za mtu aliyelala chali, ubavu wa kulia na ubavu wa kushoto, zikiwa na saa pembeni, humfaa hata asiyejua kusoma.

Baada ya kueleza, mgonjwa aombwe arudie kwa maneno yake mwenyewe. Akikosea, maelezo ndiyo yaliyopungua, na yatolewe upya. Kisha ngozi yake ikaguliwe mwili mzima na hali iliyokutwa iandikwe kwenye faili, ili ijulikane kidonda alikuja nacho au amekipatia hospitalini. Hili ni muhimu zaidi kwa aliyetoka mbali. Anayerudishwa kutoka Hospitali ya Chuo Kikuu iliyoko Huye, au kupelekwa huko, hulala saa kadhaa juu ya machela ngumu kwenye barabara ya kona nyingi ndani ya msitu wa Nyungwe. Kabla ya safari visigino vyake viinuliwe na mgongo uwekewe kitu laini. Akifika, mahali pa kwanza kukaguliwa ni hapo.

Kuikagua ngozi

Vitabu vingi vya uuguzi husema dalili ya kwanza ni wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo mara nyingi hauonekani, na anayeusubiri huchelewa. Kinachotafutwa ni tofauti: sehemu iliyo nyeusi zaidi, ya zambarau au inayong'aa kuliko ngozi ya jirani; sehemu yenye joto au baridi isiyo ya kawaida ikiguswa kwa mgongo wa mkono; sehemu ngumu, au iliyolegea kana kwamba ina maji chini yake; sehemu inayouma au kuwasha. Ukaguzi ufanywe kwenye mwanga wa kutosha, angalau mara moja kwa siku, na saa ya kuoga ndiyo inayofaa zaidi.

Mgonjwa huweza kujikagua viwiko, magoti, nyonga na vifundo vya miguu. Visigino na mgongo huhitaji kioo au jicho la mwingine. Simu yenye kamera husaidia: ndugu hupiga picha ya sehemu ya chini ya mgongo, mgonjwa akaiona mwenyewe, na kesho yake ikalinganishwa na mpya. Picha hizo hupigwa kwa ridhaa yake, hazitumwi kwa watu, na hufutwa zikishamaliza kazi. Stara izingatiwe pia. Wapo wanaokataa kukaguliwa kwa sababu ya aibu tu. Kitenge kilichoshikwa kama pazia, na mkaguzi wa jinsia yake, hutosha kuwabadilisha mawazo.

Kujigeuza na kujisogeza

Kwa asiyeweza kujigeuza, kanuni ya kawaida ni kugeuzwa kila baada ya saa 2. Palipo na magodoro maalumu muda huo huweza kurefushwa, lakini kwenye sponji ya kawaida iliyokwisha kubonyea si busara. Godoro hupimwa kwa mkono: kiganja kilichofunguliwa hupitishwa chini yake, mahali matako yalipolala. Ikiwa mwili unasikika juu ya kiganja, godoro limekwisha, na mgonjwa amelalia chuma. Mgonjwa ana haki ya kuomba libadilishwe.

Anayeweza kujisogeza asisubiri saa 2. Kila anapoamka, kabla ya kula, baada ya kula, wakati wa sala, habari za redioni zinapoanza: hizo ni saa nzuri za kubadili upande, kwa kuwa hazihitaji saa ya mkononi. Hata aliyefungwa mguu huweza kukunja goti la mguu usiofungwa, kusukuma godoro kwa wayo na kuinua matako kwa sekunde chache mara nyingi kwa siku. Dawa ya maumivu inywewe mapema, kwa sababu mwenye maumivu hukataa kugeuka.

Kulala ubavu kamili huuweka uzito wote juu ya nyonga. Ulalo bora ni wa nusu ubavu, wa nyuzi 30 hivi: mto huwekwa nyuma ya mgongo na matako, na mwingine kati ya magoti. Mito ikikosekana, blanketi au vitenge vilivyokunjwa hufaa. Visigino visiguse godoro. Kitambaa kilichokunjwa huwekwa chini ya mashavu ya miguu hadi kiganja kipite chini ya kisigino bila kukwama. Kichwa cha kitanda kisiinuliwe zaidi ya nyuzi 30, isipokuwa wakati wa kula au daktari akiagiza. Mgonjwa anaposogezwa juu, ainuliwe na watu wawili kwa shuka iliyo chini yake, wala asiburutwe. Akiweza, akunje magoti na kusaidia kusukuma.

Aliye kwenye kiti cha magurudumu apunguze uzito kila baada ya dakika 15 hadi 30, kwa kuinama mbele hadi kifua kikaribie magoti, au kuegemea upande mmoja kisha mwingine, kwa dakika moja au mbili. Kiti kiwe na mto. Hospitali ya Gatagara, iliyoanzishwa mwaka 1960 na padri Joseph Fraipont Ndagijimana kwa ajili ya walemavu, ni miongoni mwa mahali nchini ambapo watu hujifunza stadi za kuishi na kiti hicho.

Unyevu, vifaa na makosa ya kawaida

Ngozi ioshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo mara inapochafuka, ikaushwe kwa kugusagusa bila kusugua, kisha ipakwe mafuta mepesi ya mgando. Sehemu ya haja hupakwa mafuta mazito ya kuzuia mkojo. Mgonjwa aeleze bila haya kwamba amelowa. Akiwa hawezi kusema, ndugu anayemuuguza aangalie kila anapomgeuza. Plastiki ya kukinga godoro isiguse ngozi moja kwa moja, hasa kwenye joto la bonde la Bugarama ambako jasho halikauki. Shuka inyooshwe, makombo yakung'utwe.

Vifaa vya tiba navyo huumiza. Plasta inayobana, inayotoa harufu au inayochoma mahali pamoja ni jambo la kuripotiwa saa hiyo hiyo. Mpira wa mkojo usilaliwe. Mpira wa oksijeni na ule wa kulishia puani isogezwe kidogo kila siku, na ngozi iliyo chini yake iangaliwe.

Mambo matatu hufanywa kwa nia njema na yakadhuru. La kwanza ni kusugua au kukanda sehemu iliyobadilika rangi; nyama iliyoumia huumia zaidi. La pili ni kumkalisha mgonjwa juu ya pete ya mpira, au kuweka glavu zilizojazwa maji chini ya kisigino. Pete hubana mishipa ya damu pande zote, na glavu hukazia uzito mahali pamoja. La tatu ni kukipaka kidonda majivu, dawa ya meno au unga wa vidonge. Kilichofunguka huoshwa na kufungwa na muuguzi.

Chakula

Ngozi haijengeki bila utomwili, yaani protini. Mtu mzima aliye hatarini huhitaji gramu 1.25 hadi 1.5 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mwenye kilo 60 huhitaji gramu 75 hadi 90. Kikombe cha maharage yaliyopikwa kina takriban gramu 15, glasi ya maziwa gramu 8, yai gramu 6. Samaki wadogo wa Ziwa Kivu waitwao sambaza, karanga, na isombe (kisamvu) iliyopikwa kwa karanga huongeza kiasi hicho kwa gharama ndogo. Kwa kuwa chakula cha wodini mara nyingi huletwa na familia, ushauri huu utolewe kwa anayepika nyumbani. Ndizi au ugali peke yake hushibisha lakini havijengi ngozi. Anayeshindwa kumaliza sahani apewe kidogo kidogo mara 5 au 6 kwa siku. Maji yawekwe mahali mkono wake unapofika. Mwenye ugonjwa wa figo, moyo au kisukari apange chakula na maji kwa ushauri wa daktari.

Muuguzaji na mipaka ya jukumu

Katika hospitali za Rwanda, kama zilivyo nyingi za Afrika Mashariki na Kongo, mgonjwa huwa na ndugu anayemuuguza, ambaye mara nyingi hulala hapo hapo. Huyu ndiye mkono wa mgonjwa asiyejiweza. Afundishwe kwa vitendo: muuguzi amgeuze mgonjwa naye akitazama, kisha yeye amgeuze muuguzi akitazama. Ndugu wakibadilishana zamu, anayeondoka amwoneshe anayeingia picha za kugeuza na mahali panapotia shaka. Mwenye jeraha la uti wa mgongo au shingo asigeuzwe na ndugu peke yao hadi daktari aruhusu.

Jukumu la kisheria na la kitaaluma hubaki kwa hospitali. Mgonjwa aliyepata kidonda asilaumiwe kwamba hakugeuka, na asiye na ndugu asiachwe: huyo ndiye wa kwanza katika orodha ya wauguzi. Baadhi ya wagonjwa ni dhaifu mno, wamechanganyikiwa au hawapendi kushiriki. Uamuzi wao uheshimiwe na kazi ifanywe na wahudumu.

Kurudi nyumbani

Hatari haiishi langoni. Kabla ya kuruhusiwa, mgonjwa na familia waonyeshe kwamba wanaweza kukagua ngozi, kugeuza na kuinua visigino. Waambiwe dalili za kuwarudisha upesi: doa lisilofifia ndani ya siku moja ya kupumzishwa, lengelenge, harufu, usaha, homa, au shimo linalokua. Mshauri wa afya wa kijiji ajulishwe, na kituo cha afya kilicho karibu kipewe karatasi inayoeleza hali ya ngozi. Ikiwa hakuna godoro zuri, hilo lisemwe mapema ili familia ijiandae.

Gharama nazo huzungumza. Mwenye mituweli, yaani bima ya afya ya jamii, hulipa asilimia 10 ya matibabu ya hospitali, na kidonda cha hatua ya nne hurefusha kulazwa kwa wiki nyingi. Asilimia hiyo hukua, na pamoja nayo nauli, chakula na siku za kazi za muuguzaji zinazopotea. Dakika 10 za maelezo siku ya kwanza ni tiba ya bei nafuu kuliko zote zilizomo wodini. Kila muuguzi azitoe, na kila mgonjwa asiyepewa azidai.